Reki ya kukokotwa na trekta: mwongozo kamili wa kukusanya hei bila kuzoa udongo

Mwezi wa sita unapoingia, mvua zilizoanza Machi huwa zimepungua katika sehemu kubwa ya ukanda wa ng'ombe wa Uganda, kuanzia Isingiro na Kiruhura, kupitia Lyantonde na Sembabule, hadi Kiboga, Nakaseke na Nakasongola. Nyasi bado zina ukijani, jua limerudi, na mfugaji anayekumbuka ukavu wa Januari iliyopita anaanza kutafuta mashine ya kukata. Kukata kunapewa uzito, na kufunga marobota kunapewa uzito zaidi kwa sababu hapo ndipo fedha inahesabiwa. Reki, mashine ya meno inayokusanya nyasi zilizokatwa kuwa safu, iko katikati ya kazi hizo mbili, nayo hukabidhiwa dereva yeyote aliye karibu. Anaambiwa "kusanya zote", naye anakusanya zote: nyasi, vumbi, mawe na kinyesi cha mwaka jana.

Mwongozo huu unamhusu mwenye reki ya kukokotwa, yaani ile inayotembea kwa matairi yake nyuma ya trekta, au anayefikiria kuinunua au kuikodi. Nitarudia jambo moja kila mahali: reki inayoacha nyasi kidogo shambani ni bora kuliko inayofagia hadi udongo ubaki uchi. Mengi yanayoharibika katika kazi hii, kuanzia meno yaliyokatika hadi hei inayokataliwa na ng'ombe, yanatokana na tamaa ya kuchukua unyasi wa mwisho.

Ujue reki uliyo nayo

Kwetu utakutana zaidi na reki ya magurudumu ya meno. Ni magurudumu mepesi ya chuma, manne au zaidi, yenye meno ya waya wa springi pande zote, yaliyopangwa mshazari kwenye fremu. Hayaendeshwi na injini. Yanazunguka kwa sababu yanagusa ardhi wakati trekta inatembea. Gurudumu la kwanza linasukumia nyasi kwa la pili, la pili kwa la tatu, hadi zinaangukia pembeni zikiwa safu moja. Nyingine zina mikono miwili inayofunguka kama herufi V, na safu hutokea katikati.

Uzuri wake ni bei na wepesi. Haihitaji shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye mashine, haina giaboksi, na trekta ya nguvu farasi 25 hadi 35 huivuta bila shida ikiwa ni ya magurudumu machache. Massey Ferguson 135 kuukuu, ambazo bado zinafanya kazi vijijini, zinaimudu kabisa. Ubaya wake ni kwamba ikikimbizwa, au ikitumiwa kwenye nyasi ndefu zenye maji mengi, inazisokota, na safu iliyosokotwa hukauka nje ikabaki mbichi ndani.

Reki ya fito sambamba ni ya zamani zaidi na ni ya upole. Meno yake yamefungwa kwenye fito ndefu zinazozunguka zikiwa hazigusi ardhi, kwa hiyo haizoi udongo kwa urahisi na haivunji majani sana. Ukiipata iliyotumika ikiwa na fito zilizonyooka, usiidharau kwa sababu ya kutu. Ipo pia reki ya mikono inayozungushwa na PTO, ambayo hutengeneza safu nyepesi yenye nafasi ya hewa, lakini bei yake na giaboksi yake vinamfaa mwenye mashamba makubwa au anayefanya kazi ya kukodisha.

Katika maeneo kama Teso, ambako kulima kwa ng'ombe si jambo geni, reki rahisi ya meno marefu yaliyopinda, inayovutwa na maksai na kuinuliwa kwa mkono ili kumwaga fungu, inaweza kuchomelewa na fundi mzuri. Safu zake si nzuri, lakini kwa eka mbili au tatu inatosha.

Kabla ya kulipia reki iliyotumika, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likikwaruza au likiyumba, beringi imekwisha. Hesabu meno yaliyokosekana. Kisha muulize muuzaji swali analolikwepa: meno ya aina hii yanauzwa wapi hapa nchini? Fundi wa Katwe, Kampala, atakutengenezea fremu, kulabu na pini, lakini jino ni chuma cha springi. Likichomelewa linapoteza ugumu wake na kukatika tena karibu na pale lilipochomelewa. Reki isiyo na meno ya akiba ni mzigo wa chuma.

Shamba linaandaliwa kabla ya kukata

Reki haiwezi kurekebisha shamba baya. Tembea kwa miguu kabla ya mashine ya kukata kuingia, wakati bado unaona ardhi kati ya mashina. Tafuta visiki vya miti iliyokatwa kwa ajili ya mkaa, mawe, vipande vya seng'enge na mashimo ya wanyama. Vichuguu ndivyo adui mkubwa zaidi, hasa Nakasongola. Kikubwa unakiona na kukizunguka. Kidogo, cha urefu wa kifundo cha mguu, kimejificha ndani ya nyasi, na meno ya reki yanakichimba na kusambaza udongo wake mwekundu katika safu yote. Visawazishe kwa jembe mapema, kabla ya kukata, au simika kijiti chenye kitambaa ili dereva akione.

Ondoa pia magugu na zile nyasi ngumu ambazo Wanyankole huziita omutete. Ng'ombe hawazitaki zikiwa mbichi, na kuzikausha hakuzifanyi tamu.

Kimo cha kukata ndicho kinachoamua kazi ya reki itakuwaje. Acha mashina ya sentimeta 7 hadi 10. Nyasi zilizokatwa zitakaa juu ya mashina hayo kama juu ya kitanda; hewa itapita chini yake, na meno yatazichukua bila kugusa udongo. Ukikata chini hadi sentimeta 3, zinalala kwenye vumbi, na hakuna marekebisho ya reki yatakayokuokoa. Wanaofyeka kwa kwanja au mashine ya begani waelezwe hili mapema, maana wengi huamini kwamba aliyekata chini zaidi ndiye aliyefanya kazi zaidi.

Kuhusu aina ya nyasi: Rhodes ndiyo inayokubaliana na reki kuliko zote, kwa sababu shina lake ni jembamba na hukauka sawasawa. Ikate inapoanza kutoa maua. Brachiaria inafaa, ingawa hukauka polepole kidogo. Mabingobingo yaache kwa ajili ya sileji, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa, au kukatakata. Shina lake ni nene mno, majani yatakauka na kupukutika wakati shina bado lina maji. Lablab na desmodium, za jamii ya kunde, zinakubali kuwa hei, lakini zina masharti yake, nitayafikia.

Kufunga reki kwenye trekta

Kazi hii huchukua dakika chache, na ndiyo inayorukwa.

Weka trekta na reki kwenye ardhi tambarare, uweke vigingi au mawe mbele na nyuma ya matairi ya reki. Rudi nyuma polepole. Asisimame mtu kati ya trekta na reki hadi trekta iwe imesimama na breki ya mkono imevutwa. Reki ya kukokotwa inafungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini katikati ya trekta, si kwenye mikono ya kuinulia. Tumia pini nene inayolingana na tundu, na kilipu chake. Msumari uliopindwa si kilipu. Ongeza mnyororo wa usalama ikiwa utapita barabarani. Ukishafunga, inua mguu wa jeki na uufunge juu, vinginevyo utalima nao.

Angalia fremu kutoka pembeni. Inapaswa kuwa sawa na ardhi. Mbele ikiwa juu, magurudumu ya nyuma yatachimba na ya mbele yatapita hewani. Angalia kutoka nyuma pia: upepo wa matairi mawili ukitofautiana, reki inainama upande mmoja, na dereva atahangaika na springi siku nzima kumbe tatizo ni pampu.

Kama mikono ya reki inainuliwa kwa haidroliki, safisha ncha za mabomba kabla ya kuziunganisha, kisha inua na ushushe mara kadhaa ukiwa kwenye kiti, watu wakiwa mbali. Ukishuku kwamba bomba linavuja, lipitishie kipande cha boksi, kamwe si kiganja. Mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi kupitia tundu usiloliona, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana dogo.

Mwisho, tia grisi kwenye kila chuchu ya grisi, kaza nati za meno, na uhesabu meno. Andika idadi hiyo kwa chaki kwenye fremu. Jioni utahesabu tena.

Kurekebisha meno

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Gurudumu la meno linahitaji kugusa kitu ili lizunguke, kwa hiyo huwezi kuliinua kabisa. Lakini kugusa si kukandamiza. Kila gurudumu lina springi, na springi ina mnyororo au skrubu ya kuongeza na kupunguza uzito unaokwenda chini. Shusha reki ukiwa umesimama mahali pagumu na tambarare. Zima trekta, vuta breki, ondoa funguo. Shika gurudumu kwa chini na ujaribu kuliinua kwa mkono mmoja. Likiinuka kwa wepesi, huku ncha za meno zikiwa zimegusa ardhi bila kupinda, uko karibu na sawa. Ukilazimika kutumia mikono miwili na mgongo, lina uzito mno. Fanya hivyo kwa kila gurudumu, maana magurudumu yanayotofautiana huacha michirizi ya nyasi shambani na watu hulaumu mashine nzima.

Kwa reki ya fito sambamba, meno hayana haja ya kugusa ardhi. Yaweke yapite kati ya mashina, sentimeta 2 au 3 juu ya udongo.

Sasa ingia shambani, vuta mita 50 kwa mwendo wa kazi, usimame na ushuke. Usiangalie safu kwanza. Angalia ulikotoka. Ukiona mikwaruzo kwenye udongo, au vumbi lilikuwa linafuka nyuma yako, punguza uzito. Ukiona nyasi nyingi zimelala bila kuguswa, ongeza tundu moja tu la mnyororo, ujaribu tena. Ukiona unyasi hapa na pale juu ya mashina, acha hivyo. Hiyo ndiyo sawa.

Kisha inua sehemu ya safu kwa mikono miwili na uitikise juu ya gunia au turubai. Udongo ukianguka, springi bado zimekazwa. Fikiria hesabu yake: robota la kilo 20 lenye udongo wa asilimia 5 lina kilo nzima ya udongo. Mnunuzi amelipia kilo hiyo, ng'ombe hatapata kitu ndani yake, na meno yake yatasagika kwayo.

Meno ya reki yanayochimba hukatika pia, na jino lililokatika haliendi mbali. Linaingia kwenye safu, kwenye robota, kisha kwenye hori. Ng'ombe hachambui chuma anapokula. Kipande cha waya hutua kwenye tumbo la pili, na msukumo wa tumbo unaweza kukipenyeza mbele hadi kwenye moyo. Daktari wa mifugo anaweza kumpa ng'ombe sumaku ya kumeza inayokaa tumboni na kushika vyuma, lakini hiyo ni kinga ya bahati mbaya, si ruhusa ya kuacha meno shambani. Ndiyo maana ya ile hesabu ya chaki. Jino likipungua, tafuta kabla ya kufunga, ukitembea na safu za mwisho ulizopita. Usipolipata, tenga marobota ya sehemu hiyo, yafunguliwe na kuchambuliwa kwa mkono.

Saa ya kupitisha reki

Nyasi zinapokatwa zina maji ya asilimia 75 hadi 80. Robota dogo linafungwa salama zikiwa kati ya asilimia 15 na 18. Reki inapaswa kupita katikati ya safari hiyo, nyasi zikiwa na maji ya asilimia 40 hadi 50. Zikiwa na zaidi ya hapo, safu inajifunga na kuvunda ndani. Zikiwa na chini ya hapo sana, majani yanavunjika na kubaki shambani, nawe unafunga mashina.

Wachache wana kipimo cha unyevu, lakini mkono unatosha. Chukua konzi kutoka chini ya mkanda wa nyasi zilizokatwa, si juu, kwa sababu juu hudanganya. Zisokote kwa nguvu. Majimaji yakitoka, subiri. Zikiwa laini, zimenyauka, zinapinda bila kuvunjika, na majani yanaanza kutoa sauti ya karatasi lakini hayakatiki, leta reki. Majani yakipukutika mkononi, umechelewa. Acha hadi kesho asubuhi, umande uyalainishe.

Umande ni rafiki hapa. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu huchomoza karibu saa moja mwaka mzima, na kwa kawaida umande wa juu huwa umekauka kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Kwa Rhodes tupu, anza pale ambapo viatu havilowi tena unapotembea juu ya nyasi. Kwa lablab na desmodium, anza mapema zaidi, ukiwa bado unahisi ubaridi kwenye majani. Jani la jamii ya kunde ndilo lenye sehemu kubwa ya protini na ndilo linalovunjika kwanza. Kupitisha reki kwenye lablab saa nane mchana, jua likiwa kali, ni kutupa kile ulichokipanda.

Mpangilio wa kawaida katika hali ya hewa nzuri ni huu. Siku ya kwanza, kata asubuhi umande ukikauka, nyasi zipate jua la siku nzima. Siku ya pili, kama mkanda ni mzito, ugeuzwe mara moja, kwa mashine ya kutawanya au kwa uma. Siku ya tatu asubuhi, reki. Mchana wa siku hiyo au siku inayofuata, kufunga. Hata hivyo, upepo mkavu wa Januari kule Nakasongola unaweza kuibana ratiba hii hadi ukakata leo na kupitisha reki kesho, na mawingu ya Juni upande wa Mbarara yanaweza kuirefusha. Fuata konzi ya nyasi, usifuate kalenda.

Sikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kukata, na usikate zaidi ya eneo unaloweza kukusanya na kufunga. Fanya hesabu hii: reki ya upana wa mita 3 ikienda kilomita 8 kwa saa inapita hekta 2.4 kwa saa kwenye karatasi. Ukiondoa kugeuka, kusimama na kuondoa visiki, chukulia robo tatu tu, yaani hekta 1.8, karibu eka nne na nusu. Kwa kawaida kinachochelewesha si reki bali wafungaji. Anayetumia sanduku la kufungia kwa mkono anakwenda polepole sana kuliko mwenye mashine, basi akate kidogo kidogo.

Kuendesha shambani

Anza na kingo. Pita mizunguko miwili kuzunguka shamba, ukisukumia nyasi ndani, mbali na ua. Hapo utapata nafasi ya kugeukia, na mashine ya kufunga haitalazimika kujibana kwenye seng'enge.

Baada ya hapo nenda kwa mistari mirefu iliyonyooka, ukifuata mwelekeo uleule ambao mashine ya kukata ilipita. Vichwa vya nyasi vyenye majani huingia ndani ya safu, na mashina, ambayo huchelewa kukauka, hubaki nje yakipigwa na hewa.

Mwendo wa kilomita 6 hadi 8 kwa saa unatosha kwa mashamba yetu yenye matuta. Kama trekta haina kipimo kinachofanya kazi, pima mita 100 kwa hatua: ukizipita kwa sekunde 45 uko kwenye 8, kwa dakika nzima uko kwenye 6. Dereva akiona reki inaruka, tayari anakimbia. Nyasi zikisokotwa kama kamba, sababu ni mwendo au ubichi. Punguza mwendo kwanza, na ikiendelea, subiri saa moja.

Upana wa safu upungue kidogo kuliko mdomo wa mashine ya kufunga. La muhimu zaidi ni usawa wake: safu nzito upande mmoja hulisha mashine upande mmoja, na marobota yanatoka yamepinda kama ndizi, hayapangiki wala hayapakiki. Nyasi zikiwa chache, unganisha mikanda miwili kuwa safu moja. Zikiwa nyingi, usijaribu. Safu nene kupita kiasi haitakauka ndani.

Mnaofunga kwa sanduku mna mpango tofauti. Sanduku la mbao linalotumika sana lina urefu wa sentimeta 85, upana 55 na kina 45, wazi juu na chini, na hutoa robota la kilo 20 hivi. Kwa kuwa nyasi zinafuata watu na si watu wanafuata safu, elekeza safu zako zikaribie kivuli au mahali sanduku litakaposimama, na usijali sana unyoofu.

Ukifika mwisho wa mstari, inua meno kwanza, ndipo ugeuke, kwa mzunguko mpana. Kona kali huleta tairi la trekta kwenye mkono wa reki. Na usirudi nyuma meno yakiwa chini, hata hatua moja. Yametengenezwa kuburutwa upande mmoja tu. Ukiyasukuma upande wa pili yanapinda yote kwa pamoja.

Mvua ikikukuta

Ikinyesha nyasi zikiwa bado zimetandazwa, usifanye chochote hadi juu pakauke na udongo wa juu uache kushika kiatu. Kisha geuza. Ikinyesha zikiwa tayari ziko kwenye safu, hali ni mbaya kidogo, maana maji yamejikusanya chini ambako hewa haifiki. Juu pakishakauka, tumia gurudumu moja au mawili ya mwisho kusogeza safu kwenye ardhi iliyo kavu ya pembeni, chini ije juu. Inua magurudumu mengine.

Mvua ndogo kwenye nyasi mbichi zilizokatwa saa chache zilizopita haina madhara makubwa. Mvua kubwa kwenye nyasi zilizokaribia kukauka ndiyo huosha sukari na rangi. Ikishanyesha mara mbili juu ya hei iliyo tayari, ni heri kuifanya matandiko ya zizi au matandazo ya shamba la ndizi kuliko kuifungia matumaini.

Usalama, bila kuzunguka

Watu wengi hawaiogopi reki ya magurudumu kwa sababu haina injini. Lakini inazunguka kila inapotembea, hata trekta ikiwa imezimwa na inateremka yenyewe. Hakuna kuondoa nyasi zilizonasa huku dereva "anasogeza kidogo". Zima, vuta breki, toa funguo, ndipo ushike.

Tanboi asikae kwenye fremu wala kusimama kwenye chuma cha kuvutia. Watoto na wachungaji wasifuate nyuma kuokota mabaki. Kwenye miteremko ya Ankole na Kigezi, chagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na uiache injini ishike mwendo. Reki husukuma trekta kutoka nyuma, na klachi ikikanyagwa katikati ya mteremko hakuna kitakachoizuia isipokuwa breki. Unapokunja mikono ya reki, tazama juu kuna nyaya za umeme au la, na usipite chini ya mkono ulioinuliwa ambao haujafungwa pini.

Barabarani, kunja, funga pini zote, tundika kitambaa chekundu nyuma, na uende taratibu kwenye muramu. Bodaboda hawategemei kukutana na meno ya chuma yaliyotokeza pembeni. Usiku usiivute kabisa.

Baada ya reki

Kabla ya kufunga, pima tena kwa konzi. Sasa mashina yanapaswa kukatika kwa mlio ukiyasokota, na ngozi ya shina isibanduke ukiikwaruza kwa ukucha. Kwa uhakika zaidi, weka hei iliyokatwakatwa kwenye chupa kavu yenye kijiko cha chumvi kavu, utikise dakika moja au mbili. Chumvi ikigandamana, subiri. Hei iliyofungwa ikiwa na unyevu hupata joto yenyewe stoo. Kwa wiki mbili au tatu za kwanza, chomeka nondo katikati ya rundo, uiache robo saa, kisha uishike. Isiposhikika kwa joto, tawanya marobota, nje na mbali na jengo, maji yakiwa karibu, kwa sababu moto unaweza kuwaka hewa inapoingia.

Reki nayo ina haki yake. Hesabu meno. Toa nyasi zilizojisokota kwenye ekseli, maana hushika unyevu na kuua beringi. Badilisha jino lililopinda, usilinyooshe kwa nyundo. Weka vigingi kwenye matairi, shusha jeki, toa shinikizo la haidroliki kabla ya kuchomoa mabomba. Msimu ukiisha, iwe chini ya mabati, magurudumu yameinuliwa yasiguse ardhi, springi zimelegezwa, grisi mpya kwenye kila chuchu ili maji yasiingie. Na meno ya akiba yaagizwe Oktoba, kabla ya msimu wa kukata wa Desemba, kwa sababu kila mwenye reki huyakumbuka wiki ileile.